Titi lina dalili: kipimo gani cha picha kifuate? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafanya kazi ya kupiga picha za mwili hapa Kampala, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita kati ya chumba cha mammogramu, yaani picha ya eksirei inayopigwa titi likiwa limebanwa, na chumba cha altrasaundi, ile ambayo wengi wetu tunaiita skani tu. Wanaokuja wanatoka Kisenyi, Bombo, Arua, Busia, na mara nyingi lugha inayotukutanisha ni Kiswahili. Maswali haya ni yao. Nimeyajibu jinsi ninavyowajibu wakiwa wamekaa mbele yangu, ila hapa foleni hainisukumi. Daktari atakayekupima titi kwa mkono ndiye mwenye neno kuhusu mwili wako. Mimi nataka uelewe kwa nini amekuandikia kipimo hiki na si kile, na uulize pale panapohitaji kuulizwa.

Nimejipapasa nikakuta uvimbe. Nianze na skani au mammogramu?

Umri wako ndio unaoamua. Kama hujafika miaka 30, anza na altrasaundi. Kama una miaka 40 au zaidi, mammogramu hutangulia, kisha altrasaundi ya pale penye uvimbe, hata siku hiyohiyo. Ukiwa kati ya 30 na 39, daktari anaweza kuanza na chochote kati ya hivyo viwili.

Sababu iko ndani ya titi lenyewe. Titi la mwanamke kijana limejaa tezi zilizobanana, na kwenye mammogramu tezi huonekana nyeupe. Uvimbe nao ni mweupe. Kuutafuta humo ni kama kutafuta chumvi iliyomwagika kwenye unga. Umri ukisogea, mafuta huchukua nafasi ya tezi, na kwa kuwa mafuta huonekana meusi-meusi, uvimbe unajitokeza wenyewe. Altrasaundi haitumii mionzi. Inatuma mawimbi ya sauti na kusikiliza yanavyorudi, kwa hiyo tezi nyingi haziizuii kuona. Inajibu vizuri sana swali moja ambalo mammogramu hailiwezi: je, huu uvimbe ni maji au ni nyama? Kifuko cha maji kinaonekana cheusi tii chenye kingo laini, na mara nyingi habari inaishia hapo.

Lakini altrasaundi nayo ina upofu wake. Kuna vichembe vidogo vya chokaa, vidogo kuliko punje ya ulezi, ambavyo saratani changa huviacha kwenye mirija ya maziwa. Mammogramu inaviona. Altrasaundi mara nyingi inavipita. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 45 akiniambia "nimeshafanya skani, ya nini tena mammogramu?" humjibu kwamba hatujarudia kipimo, tunauliza swali jingine.

Na usikubali kuambiwa "wewe bado mdogo, haiwezi kuwa kitu." Hapa Uganda wanawake wengi wanaogunduliwa na saratani ya titi hawajafikisha miaka 50. Umri unachagua kipimo cha kuanzia. Haukupi ruhusa ya kukaa nyumbani.

Nilishapimwa kwenye kampeni ya bure na picha zikawa safi. Si inatosha?

Kama wakati ule hukuwa na dalili na sasa unayo, haitoshi. Mammogramu ya wasio na dalili ni picha nne: kila titi linapigwa kutoka juu na kutoka pembeni kwa mshazari, basi. Ya mwenye dalili inafuata dalili ilipo. Ninabandika kipira kidogo cha chuma kwenye ngozi juu ya uvimbe ili kionekane kwenye picha, ninabana sehemu ile peke yake kwa kibao kidogo, au ninaikuza. Mashine ni ileile. Kazi ni nyingine. Kwa hiyo hata ukienda kwenye kampeni, sema pale mlangoni: "Nina uvimbe, uko hapa." Usisubiri waugundue wao.

Mbona mnasumbua sana kuhusu fomu ya rufaa?

Kwa sababu fomu nyingi hufika zimeandikwa "skani ya matiti", halafu sahihi. Titi lipi? Wapi? Tangu lini? Ni uvimbe, maumivu au majimaji? Anayepima bila kujua anatafuta nini anapitisha kichwa cha skani juu-juu na kuandika kwamba kila kitu ni kizuri.

Fomu nzuri inataja titi la kulia au la kushoto, umbali kutoka kwenye chuchu kwa sentimita, na mahali kwa mfano wa uso wa saa ya ukutani. Hapa kwenye saa naomba unisikilize, maana jambo hili limeigusa familia yangu.

Sisi tunaosema Kiswahili tunahesabu saa kuanzia asubuhi. Mshale ukielekea 10 tunasema saa nne. Waganda nao wanahesabu vivyo hivyo. Lakini madaktari wanapoandika mahali pa uvimbe, wanaandika namba ambayo mshale unaielekea. Shangazi yangu wa Busia alipimwa kwa mkono kwenye zahanati moja, uvimbe ukawa titi la kulia, upande wa juu karibu na kwapa, pale mshale unapoelekea 10. Aliyempima akamwambia kwa mdomo: "Mama, uko saa nne." Fomu haikuandikwa kitu. Alipofika kwenye skani, mahali pengine, akaulizwa uvimbe uko wapi, naye akajibu kwa uaminifu: saa nne. Kichwa cha skani kikawekwa pale penye namba 4, chini upande wa katikati ya kifua. Hapakuwa na kitu. Ripoti ikaandikwa safi, akarudi nyumbani akimshukuru Mungu.

Miezi saba baadaye alikuja kunitembelea, akanishika mkono akauweka pale. Ulikuwa na ukubwa wa yai la kuku. Alitibiwa na yuko hai, lakini miezi ile saba bado inaniuma.

Tangu siku ile sikubali saa ya mdomo. Namwambia kila mama: "Weka kidole chako mwenyewe pale unapousikia, na usikiondoe mpaka nikuambie." Kidole hakina lugha. Nawe fanya hivyo popote utakapopimwa, hata kama hukuulizwa.

Nina mimba. Au: ninanyonyesha. Nisubiri nijifungue kwanza?

Usisubiri. Anza na altrasaundi. Haimdhuru mtoto wala maziwa. Ikionyesha jambo la mashaka, mammogramu inaweza kufanywa hata ukiwa na mimba, maana mionzi inalenga titi na inayofika tumboni ni kidogo mno. Biopsi, yaani kutoa kijipande cha uvimbe kwa sindano ili kipimwe maabara, pia inafanyika. Kipimo kinachoepukwa wakati wa mimba ni MRI ya titi, ile mashine ya sumaku, kwa sababu ya dawa inayodungwa mshipani. Anayenyonyesha anyonyeshe au akamue kabla ya kuingia chumbani. Titi likiwa tupu picha inakuwa wazi zaidi na kubanwa hakuumi sana.

Jambo moja la kuangaliwa kwa anayenyonyesha: titi likivimba, likawa la moto, mara nyingi ni maziwa yaliyoganda au maambukizi, na dawa za antibiotiki mara nyingi huliponya. Lakini ipo saratani inayojifanya hivyohivyo. Vitabu vinasema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu huo huenda usionekane. Utaona ngozi imekolea rangi, imekuwa nene, ina vishimo kama ganda la chungwa. Kama umemeza dawa wiki moja au mbili na titi halijarudi kawaida, rudi ukapigwe picha. Usikubali duru ya pili na ya tatu ya vidonge vilevile.

Chuchu inatoa majimaji. Ni saratani?

Mara nyingi siyo. Majimaji yanayotoka ukiminya tu, kwenye matiti yote mawili, yenye rangi ya maziwa au kijani, kwa kawaida ni habari ya homoni au mirija iliyozeeka. Yanayotutia wasiwasi ni yale yanayotoka yenyewe, kwenye titi moja, tundu moja, yakiwa na damu au yasiyo na rangi, kama maji. Utaona doa kwenye sidiria bila kuwa umeminya. Hapo ni altrasaundi ya nyuma ya chuchu, na mammogramu kama umri umefika. Acha kuminya kila siku ili kuhakikisha; kuminya kwenyewe kunaendeleza majimaji.

Titi linauma, halina uvimbe. Nipige picha?

Kama maumivu yako matiti yote na yanakuja na hedhi, huhitaji picha. Kama ni pointi moja ile ile, mwezi hadi mwezi, pimwa.

Ripoti imeandikwa BI-RADS 4. Nimefika hatua ya nne?

Hapana, hapana kabisa. Nimewaona watu wakilia kwenye korido kwa sababu ya namba hii, na mwingine alishaanza kugawa vitu vyake. Hatua za saratani ni hesabu nyingine, inayofanywa baada ya saratani kuthibitishwa. BI-RADS ni utaratibu wa madaktari wa radiolojia wa Marekani, unaotumika duniani kote, wa kusema wana mashaka kiasi gani na kifanyike nini.

Kwa mfuatano: 1 ni kwamba hakuna kitu. 2, kuna kitu lakini si cha hatari, kama kifuko cha maji. 3, karibu hakika si saratani, uwezekano hauzidi asilimia 2. Utarudi baada ya miezi 6 kuangaliwa kama kimebadilika. 4 ni mashaka, na hapa ndipo panapochanganya watu, kwa sababu uwanja wake ni mpana: kuanzia asilimia 2 hadi 95. Ndiyo maana madaktari wengi huigawa 4A, 4B na 4C, kutoka mashaka madogo hadi makubwa. Ukiona 4 bila herufi, uliza. 5, mashaka yamefika asilimia 95 au zaidi. 6, saratani imeshathibitishwa kwa biopsi. Namba 4 na 5 zote zinahitaji biopsi, na hata 5 haimaanishi uanze matibabu bila biopsi.

Na ile 0? Hii nayo inapotosha kwa upande mwingine. Sifuri haimaanishi hakuna kitu. Inamaanisha picha hazijatosha kujibu, rudi kwa nyongeza. Wako wanaoiona sifuri wakafurahi, wasirudi tena. Kama ripoti yako ni 0, kipimo chako hakijaisha.

Picha zote ni safi, lakini uvimbe bado ninaugusa.

Basi kazi haijaisha. Hili ndilo ningependa lifike mbali kuliko yote niliyoandika hapa. Mammogramu inaweza kukosa zaidi ya saratani moja katika kila kumi, na ipo aina inayojipanga mstari-mstari ndani ya titi bila kutengeneza gololi, ambayo hata jicho zoefu linaweza kuipita. Mkono, picha na sindano ni mashahidi watatu, na shauri halifungwi mpaka wakubaliane. Mkono ukisema kuna kitu kigumu kisichosogea, na picha ikanyamaza, tunamwita shahidi wa tatu.

Sema hivi kwa daktari, kwa heshima lakini bila kuogopa: "Daktari, picha ni safi lakini uvimbe ninaugusa, hapa. Mtauelezaje?" Daktari mzuri hatachukia.

MRI au CT si bora zaidi? Nina ndugu anaweza kulipia.

Asante kwa ndugu huyo, lakini mwambie asikimbie. CT, ile eksirei inayopiga mwili vipande-vipande, haichunguzi uvimbe wa titi. Inatumika baadaye, kutazama kama ugonjwa umefika kifuani au kwenye ini. MRI ni kali sana, kiasi kwamba inaona hata vitu visivyo na madhara na kukutisha bure. Ina kazi zake: walio na urithi mzito wa saratani katika ukoo, waliowekwa matiti bandia, au pale vipimo vingine vimepingana. Fedha za MRI mara nyingi zingelipia altrasaundi nzuri, biopsi, na nauli ya kufuata majibu. Wanaokuuzia kipimo cha joto la titi badala ya mammogramu, waache.

Nasikia sindano inauamsha ugonjwa na kuusambaza. Bora kukata wote?

Hofu hii naisikia kila wiki, kwa Kiswahili, kwa Kiganda, kwa Kilugbara. Naielewa inakotoka. Watu waliona jirani aliyedungwa sindano akafa baada ya miezi michache. Lakini jirani yule alifika sindanoni ugonjwa ukiwa umeshatembea. Sindano iliukuta, haikuutuma. Biopsi haisambazi saratani ya titi.

Omba sindano nene, inayotoa vijipande vyembamba kama nyuzi za uyoga, ikiongozwa na altrasaundi ili daktari aione ncha ikiingia kwenye uvimbe. Ganzi inawekwa kwanza. Utasikia mlio kama wa stepla. Sindano nyembamba inayofyonza chembe inasaidia kwa kifuko cha maji au tezi ya kwapa, lakini haitoi nyama ya kutosha kupima vipokezi vya homoni, yaani alama kwenye chembe za saratani zinazoonyesha kama homoni inaikuza, na vipokezi ndivyo vinavyoamua dawa.

Kukata uvimbe wote kabla ya kujua ni nini, jambo ambalo bado linafanyika, nalipinga. Likiwa si saratani umepata kovu bila sababu. Ikiwa ni saratani, huenda ukahitaji operesheni ya pili, na wakati mwingine dawa ndizo zilipaswa kutangulia.

Ukikabidhiwa chupa yenye kipande uipeleke maabara ya patholojia, inayochunguza nyama ya mwili, hakikisha kipande kimezama ndani ya fomalini, dawa ya kukihifadhi, si maji wala spiriti, chupa ina jina lako na upande wa titi, na iende siku hiyohiyo. Kipande kilichokaa kwenye maji juu ya kabati siku tano hakitasomeka.

Niko mbali na Kampala. Hakuna mammogramu huku.

Mashine za mammogramu ni chache na nyingi ziko mjini. Skani zimeenea zaidi. Utazikuta kwenye hospitali za wilaya na vituo vingi vya afya vya daraja la IV. Basi usiahirishe kwa sababu ya mashine isiyokuwepo. Anza na skani iliyo karibu, fomu ikiwa imeandikwa vizuri. Ikionyesha uvimbe wa mashaka, uliza kama hospitali ya rufaa ya mkoa wako, iwe Arua, Gulu, Mbale au Mbarara, inaweza kuchukua biopsi. Mara nyingi ni nafuu chupa isafiri kuliko mgonjwa na mlezi wake walale Kampala wiki mbili. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko kwenye kilima cha Mulago tangu 1967, inapokea wagonjwa kutoka nchi nzima, na ukifika na majibu ya patholojia mkononi unaokoa safari nyingi.

Shirika la Afya Duniani linataka tangu siku unayojitokeza na dalili hadi jibu kamili zisizidi siku 60. Andika tarehe ile ya kwanza nyuma ya kitabu chako cha matibabu. Ukihesabu na kuona siku 60 zinakaribia na bado unazungushwa, mwonyeshe daktari tarehe hiyo.

Mume wangu ana kivimbe nyuma ya chuchu. Nanyi mnapima wanaume?

Tunawapima. Kwa wengi ni tezi iliyokua kwa sababu ya umri, pombe au dawa fulani, zikiwemo baadhi za shinikizo la damu na za virusi vya UKIMWI. Kijana wa chini ya miaka 25 anaanza na altrasaundi, mkubwa zaidi anaanza na mammogramu. Kivimbe kigumu cha upande mmoja, kilichokaa pembeni ya chuchu, kisicheleweshwe. Wengi hawaji kwa sababu ya aibu. Tunaweza kumpangia saa ambayo kina mama hawapo kwenye benchi.

Mionzi ya mammogramu haitaniletea saratani yenyewe?

Mammogramu ya matiti yote ina mionzi sawa na ile ambayo ardhi na anga hutupa kila mmoja wetu ndani ya wiki saba hivi. Mwenye dalili asiiogope.

Siku ya kipimo nije vipi?

Kama bado unapata hedhi na jambo si la haraka, chagua wiki moja baada ya hedhi kuanza. Matiti huwa hayana maumivu. Usipake marashi, poda wala dawa ya kwapa, maana chembe zake huonekana kama ile chokaa tunayoitafuta. Vaa blauzi na sketi, si gauni, ili uvue juu tu. Kubanwa ni sekunde chache kwa kila picha. Ukiumia sana sema, nitalegeza na tuanze upya. Una haki ya kuomba mwanamke akupime, na kuingia na mtu wako.

Na njoo na picha zote za zamani, picha zenyewe au diski, si ripoti tu. Kivuli kilichokaa vilevile miaka mitatu ni habari moja. Kivuli hichohicho ambacho mwaka jana hakikuwepo ni habari nyingine, na bila picha ya mwaka jana siwezi kuvitofautisha. Wengi huziacha kwa daktari wa kwanza zikapotea. Ni zako, umezilipia. Ziweke kwenye bahasha ngumu, mahali pakavu, mbali na jiko, na mwambie mtu mmoja nyumbani zilipo.